Vituo viwili juu ya Ntyuka

Mwezi wa saba Dodoma haina mawingu. Mchana upepo unatimua vumbi, jioni baridi inaingia, na jua likishazama anga inabaki safi kama sahani iliyosuuzwa. Kwetu ni Ntyuka, kusini ya mji. Pamoja na taa zote zilizoongezeka tangu Serikali ihamie huku, uani bado tuna giza la kutosha. Jumamosi moja mwaka jana nilimtoa baba nje, nikamwekea kiti na blanketi, na mimi na mpwa wangu wa darasa la tano tukakalia ndoo za rangi zilizopinduliwa. Programu ya simu ilikuwa imeniarifu kwamba jioni ile vituo viwili vya anga vingepita juu yetu, kimoja baada ya kingine, ndani ya saa moja.

Cha kwanza kilichomoza saa moja na dakika chache, upande wa kusini magharibi. Hakimetimeti kama ndege, hakina taa nyekundu, hakina mlio. Ni nukta nyeupe iliyotulia, inang'aa kuliko nyota yoyote iliyo karibu nayo, inatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Ilipita utosini mwetu, ikateremka upande wa Kiteto, ikafifia. Dakika tano, labda sita. Nikawaambia hicho ndicho Kituo cha Kimataifa, ni mali ya nchi 15, Wamarekani na Warusi wakiwemo, kiko juu kilomita kama 400 na kinaizunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi. Cha pili kilikuja baada ya nusu saa. Kilitokea magharibi, hafifu kidogo, kikafika katikati ya anga na kuzimika ghafla kama mshumaa uliopulizwa, kwa sababu kiliingia kwenye kivuli cha dunia. Hicho ni Tiangong, cha Wachina.

Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, hawa chombo chao kikiharibika, wale wanaweza kwenda kuwachukua?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikaufunga. Nimesoma habari za safari za anga tangu nikiwa sekondari, na ninajua kwamba swali hilohilo ndilo liliwakalisha Wamarekani na Wasovieti meza moja mwaka 1970. Waliokaa walikuwa wahandisi. Walikuwa wameshazika watu. Januari 1967 wanaanga watatu wa Marekani waliungua ndani ya Apollo 1 ikiwa bado iko chini kwenye majaribio. Aprili mwaka huohuo Vladimir Komarov akafa Soyuz 1, chombo cha Wasovieti, ilipoanguka, parachuti likiwa limekataa kufunguka sawasawa. Armstrong na Aldrin walipotua Mwezini Julai 1969, miongoni mwa vitu walivyoviacha kule ni medali za kuwakumbuka Komarov na Yuri Gagarin, Msovieti aliyekuwa mtu wa kwanza kufika angani. Huwa narudia habari hiyo kila ninapomsikia mtu akisema miaka ile ilikuwa ya chuki tupu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Majengo. Maneno ninayoyasikia kutwa nzima ni dume na jike. Bomba lenye uzi wa nje ni dume, lenye uzi wa ndani ni jike. Fundi akija na vipande viwili vyote dume, hata viwe vya kampuni moja na kipimo kimoja, haviungani mpaka nimpe soketi. Mteja mgeni anashangaa kidogo, fundi wala hatazami.

Vyombo vya anga vya miaka ya sitini viliungana kwa utaratibu huohuo. Kimoja kilikuwa na kitu kama mkuki mbele, kingine kilikuwa na kitu kama faneli. Mkuki unaongozwa na faneli mpaka kwenye shimo, kufuli inajifunga. Apollo ilifanya hivyo, Soyuz nayo hivyo, lakini kila mmoja na vipimo vyake. Mkuki wa Mmarekani usingeingia kwenye faneli ya Mrusi hata kwa nyundo. Na hata vipimo vingelingana, balaa lilikuwa palepale: vyombo viwili vyenye mikuki vikikutana, haviokoani. Juu ya hapo kuna heshima. Mbele ya dunia nzima, nani awe mkuki na nani awe faneli?

Mhandisi wa Kisovieti, Vladimir Syromyatnikov, pamoja na wenzake wa Marekani, waliumaliza ugomvi huo kwa kufuta dume na jike. Kila upande ulipewa pete yenye majani matatu yaliyochomoza kama vidole. Pete ya huku na pete ya kule zinafanana katika yale yanayogusana. Mmoja anaitoa pete yake mbele, mwingine anairudisha ya kwake ndani; wakitaka wanabadilishana. Julai 1975, Apollo na Soyuz zilipoungana angani mara ya kwanza, Apollo ndiyo iliyotoa pete. Siku mbili baadaye waliachana na kuungana tena, na safari hiyo Soyuz ikatoa.

Dukani kwangu sina kifaa cha namna hiyo. Hata unioni, ambayo kazi yake ni kuunga mabomba mawili bila kuyazungusha, ina upande wenye nati na upande wa kupokea. Nimeishika mara nyingi kiganjani usiku wakati wa kufunga hesabu, nikiigeuza, nikijaribu kuona pete mbili zilizo sawa zikikutana gizani kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa, kila moja ikiwa imetengenezwa na watu ambao serikali zao zilikuwa na makombora yaliyoelekezana. Kwangu mimi, katika kazi zote za mikono ya watu za karne ile, chache zinaifikia pete ile.

Hewa nayo ilikuwa tatizo. Ndani ya Apollo watu walivuta oksijeni tupu, kwa presha kama theluthi ya hii tunayoishi nayo ufukweni mwa bahari. Ndani ya Soyuz ilikuwa hewa ya kawaida, nitrojeni na oksijeni, kwa presha ya kawaida. Mtu akitoka Soyuz na kuingia Apollo moja kwa moja, nitrojeni iliyomo kwenye damu ingefanya mapovu, kama inavyomtokea mzamiaji anayepanda juu haraka. Basi Wamarekani wakajenga chumba cha kati, mtu anaingia, anafungiwa, hewa inabadilishwa polepole, ndipo anafunguliwa upande wa pili. Wasovieti nao wakapunguza presha ndani ya Soyuz ili kusubiri kuwe kufupi. Hakuna aliyemwambia mwenzake aache kuvuta hewa yake.

Na lugha. Wamarekani walijifunza Kirusi, Wasovieti walijifunza Kiingereza, na kazini waliona kinachoeleweka vizuri zaidi ni kila mtu kusema lugha ya anayemsikiliza. Mimi si Mgogo. Siku ya kwanza nilipokwenda ukweni nilikuwa nimefundishwa kusema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, nikasema, na wazee wakanijibu kwa Kiswahili cha taratibu, neno kwa neno, nisije nikapotea. Wao walishuka kwangu na mimi nikapanda kwao. Ninaposoma mazungumzo ya Tom Stafford na Alexei Leonov, makamanda wa Apollo na Soyuz, kila mmoja akijikongoja katika lugha ya mwenzake, nakumbuka ule mkeka na ile harufu ya moshi.

Kwa saa zetu, vyombo viligusana saa moja na dakika 19 jioni ya tarehe 17 Julai 1975. Saa nne na dakika 17 usiku Stafford na Leonov wakashikana mikono mlangoni. Baba yangu alikuwa na miaka 23. Alikuwa kijana wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki hapahapa stesheni ya Dodoma, na kazi yake ilikuwa kuunga mabehewa. Anasimama kati ya behewa na behewa, taa mkononi, anampigia dereva ishara arudi nyuma pole, pole, pole, mpaka chuma king'ate chuma. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ncha. Habari ya Apollo na Soyuz waliisikia kesho yake redioni, wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha stoo, na anasema walifurahi mno, maana kwa mara ya kwanza walielewa kila kitu kilichokuwa kinasemwa kuhusu anga. Kumbe nao ni watu wa kuunga mabehewa!

Haikupita miaka miwili, reli yake mwenyewe ikakatika vipande. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Kila nchi ikashika kilichokuwa ndani ya mipaka yake: injini, mabehewa, karakana, ndege, meli. Mpaka ulikuja kufunguliwa 1983, na mkataba wa kugawana mali ulitiwa saini 1984. Baba alilala mfanyakazi wa shirika la nchi tatu, akaamka mfanyakazi wa shirika la nchi moja.

Nimewahi kumweleza kwa shauku kubwa habari ya pete za Syromyatnikov, nikamwambia siri yote iko kwenye kiungo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mabehewa yetu yalikuwa yanaungana vizuri tu, mwanangu."

Sentensi hiyo imenisumbua miaka mingi, na ni yeye aliyekuwa sahihi. Kiungo kizuri hakitoshi. Hata wale wenyewe, baada ya kupeana mikono 1975, hawakuungana tena kwa miaka 20. Vita vya Afghanistan vikaingia katikati, maneno yakawa makali, kila mtu akarudi kwake. Mwaka 1995 Atlantis, chombo cha Marekani, ndipo ilipofika kwenye Mir, kituo cha anga cha Warusi, tena kwa pete ya ukoo uleule wa Syromyatnikov, ambayo Warusi waliiandaa kwa ajili ya chombo chao Buran.

Kwa hiyo nimejaribu kutafuta tofauti kati ya reli ya baba na kile kituo kilichopita juu ya Ntyuka, ambacho kimevuka mambo mazito kuliko yaliyoiua Jumuiya. Nadhani ni hii: mwaka 1977 kila nchi yetu iliamini inaweza kuendesha treni yake peke yake, na kweli iliweza, kwa shida. Kule juu hakuna anayeweza. Kipande cha kwanza cha kituo, Zarya, kilichorushwa 20 Novemba 1998, kilitengenezwa na Warusi na kulipiwa na Wamarekani. Upande wa Marekani una mabawa makubwa ya umeme wa jua, na umeme mwingine unavuka kwenda kwa Warusi. Upande wa Warusi una injini za kukisukuma kituo kirudi juu, kwa maana hata kule kuna hewa nyembamba sana inayokivuta kishuke kila siku. Magurudumu mazito yanayozunguka kukiweka sawa bila kuchoma mafuta ni ya Wamarekani. Yakizidiwa, injini za Warusi zinasaidia. Waliojenga walizifunga nyaya na mabomba kiasi kwamba anayetaka kuondoka kwa hasira lazima kwanza aamue kufa.

Februari 2003 Columbia, chombo cha Marekani, ilipovunjika ikirejea, Soyuz ndiyo iliyobeba watu wote. Kuanzia 2011 hadi 2020 Marekani haikuwa na chombo chake cha kubebea watu kabisa. Mtu wake yeyote alipanda cha Warusi na kulipa nauli. Februari 2022 vita vya Ukraine vilipozidi, nilikuwa na hakika mwisho umefika. Mwanaanga wa Marekani Mark Vande Hei alikuwa juu, amepangiwa kurudi na Soyuz. Tarehe 30 Machi alitua kwenye nyika ya Kazakhstan pamoja na Warusi wawili, baada ya siku 355 angani, akatolewa chomboni kwa uangalifu uleule wa siku zote. Siku hiyo nilifunga duka mapema. Sikuwa na sababu ya kumweleza mtu.

Sisemi ushindani hauna kazi. Bila Gagarin kupaa 12 Aprili 1961, na Marekani kuumia rohoni, sidhani kama watu 12 wangetembea Mwezini kabla ya 1973. Kennedy mwenyewe alisimama Umoja wa Mataifa Septemba 1963 akapendekeza waende Mwezini pamoja na Wasovieti. Miezi miwili baadaye akauawa, na mbio zikaendelea. Lakini tazama mbio zilivyoisha. Desemba 1972 Apollo 17 ikarudi, mshindi akaridhika, na Mwezi ukaachwa bila mtu kwa zaidi ya nusu karne. Wakati tangu 2 Novemba 2000, siku Bill Shepherd, Yuri Gidzenko na Sergei Krikalev walipoingia kituoni, haijapita hata siku moja bila mtu kuwa mle ndani. Mpwa wangu hajawahi kuishi siku ambayo binadamu wote wako ardhini. Mama yake alikuwa shule ya msingi.

Sisi nasi tumewahi kuwa ndani ya hadithi hii, jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Marekani ilipokuwa inawarusha watu wake wa kwanza, ilihitaji masikio duniani kote ya kuwasikiliza wanapopita, na sikio mojawapo lilikuwa Tunguu, Zanzibar. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alizungumza kwa redio na kituo hicho akiwa juu ya bahari yetu. Wapo Wazanzibari waliokipinga, wakihofia kuwa nyuma ya mitambo ile kuna makombora, na kwa hali ya dunia ilivyokuwa, siwezi kuwalaumu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani walitakiwa kukiondoa, na mwaka huo huo kikaondoka. Kazi yake ikahamia Madagaska.

Nakumbusha hili kwa sababu mialiko inakuja tena. Marekani ina makubaliano yake ya Artemis kuhusu Mwezi. Nigeria na Rwanda zilisaini Desemba 2022, za kwanza Afrika. China na Urusi zina mpango wao wa kituo cha Mwezini. Afrika Kusini na Misri zimeingia huko mwaka 2023. Miaka ya sabini, Wachina walitujengea reli ya TAZARA huku Wamarekani wakisaidia kugharimia barabara inayoelekea Zambia hukohuko, na Mwalimu hakumfukuza yeyote. Ningependa tuwe na msimamo huo na huku: tusaini pote panapotufaa, na tuulize pote swali moja, kama milango yenu itafunguka kwa wenzenu. Maana TAZARA yenyewe ilikuja na upana wa milimita 1,067 wakati reli yetu ya kati ni ya milimita 1,000, na ndiyo sababu pale Kidatu mzigo unapakuliwa behewa moja na kupakiwa jingine. Na sasa tuna ya mwendokasi, milimita 1,435, inayofika hapa Dodoma karibu na ile ya zamani, na haziwezi kuazimana hata behewa.

Turudi kwa mpwa wangu. Jibu nililompa usiku ule lilikuwa refu na halikumridhisha. Upo mkataba wa 1968 unaotaka nchi zisaidie wanaanga waliopata ajali, wawe wa nani. Lakini tangu 2011 sheria ya Marekani inaikataza NASA, shirika lake la anga, kutumia fedha zake kushirikiana moja kwa moja na China, isipokuwa kwa kibali maalumu. Pete za kuungania za Wachina zinafanana sana na zile za Syromyatnikov, ila hakuna aliyewahi kuzijaribu pamoja na za upande wa pili. Na vituo vyenyewe vinazunguka kwa mielekeo tofauti, kimoja nyuzi 51.6 kutoka ikweta, kingine nyuzi kama 41.5, kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine kunakula mafuta ambayo hakuna chombo cha abiria kinachoyabeba. Msaada ungelazimika kutoka ardhini. "Kwa hiyo hapana," akasema. Nikasema, kwa sasa, hapana.

Miezi minne baadaye, Novemba 2025, alinipigia kwa simu ya mama yake. Shenzhou 20, chombo kilichokuwa kiwarudishe Wachina watatu, kilikutwa na ufa dirishani. Ilishukiwa kimepigwa na kipande kidogo cha takataka za angani. Tarehe 14 watatu hao wakarudi salama kwa kutumia Shenzhou 21, chombo cha wenzao waliokuja kuwapokea. Wale waliobaki Tiangong wakawa hawana chombo kizima cha kurudia nyumbani. Kituo cha Kimataifa, chenye watu wake na vyombo vyake, kiliendelea kupita. Kila jioni mpwa wangu aliuliza kama wameshapelekewa kingine. Baba naye, ambaye huwa haulizi mambo ya anga mpaka aanzwe, akawa anauliza.

Tarehe 25 Wachina walirusha Shenzhou 22 ikiwa haina mtu, ikafika salama. Jioni hiyo mpwa wangu alikuja Ntyuka na daftari lake la hesabu, ambalo kurasa za nyuma ameandika saa za vituo vyote viwili kupita. Tiangong ilikuwa ipite saa moja na robo. Tulimtoa baba nje, tukamfunika. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameshafunga upande wote wa magharibi, na harufu ya udongo ilikuwa inakuja na upepo. Tulikaa mpaka robo ikapita, na dakika kumi zaidi. Hatukuona kitu. Mpwa wangu aliandika saa, akaandika pembeni "mawingu", na babu yake akaomba aingizwe ndani.